Kioo cha Bosi, Dirisha la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Bosi kasema gari lake la mashindano linatolewa kioo cha mbele. Kizito. Itawekwa polikaboneti. Plastiki ngumu, nyepesi, ukiipiga nyundo haivunjiki. Jumapili anashindana.

Nikauliza kioo cha zamani kinakwenda wapi. Akasema atakayekitoa kizima na kuifunga plastiki vizuri, achukue.

Nakitaka. Dirisha la chumbani kwangu ni tundu lenye gunia. Ukilifunua, njia nzima inakuona ulivyolala. Marehemu mke wangu alitaka kioo, apate mwanga akiwa kitandani. Nilimwahidi. Ugonjwa ukaniwahi.

Shemeji naye anakitaka. Kaka wa marehemu, fundi rangi hapo hapo gereji. Anataka kufunikia banda la kuku. Kuku!

Jumanne, 5 Agosti
Mpango. Nimemnong'oneza bosi kuwa shemeji anasumbuliwa na mgongo, apumzishwe. Shemeji kawekwa getini. Nikabaki na kioo peke yangu. Safi.

Si safi. Kioo kimeshikwa na gundi pande zote. Unaikata kwa waya. Mmoja ndani, mmoja nje, mnavutana kama watu wa msumeno. Mimi nikavuta nje, nikaingia ndani, nikavuta, nikatoka tena. Mpaka mchana nimekata urefu wa kidole. Bosi kasimama, kanitazama, kauliza namtafuta nani humo ndani.

Nikaenda getini kumwita shemeji. Kasema mgongo unamuuma.

Jumatano, 6 Agosti
Shemeji kaja. Yeye ndani, mimi nje. Kutwa tumetazamana kupitia kioo, hakuna pengine pa kuangalia. Ana macho ya dada yake. Sikuwahi kuyatazama karibu hivyo.

Akauliza nakitakia nini. Nikasema dirisha la dada yako. Akavuta waya, nusura anikate kidole.

Baadaye akasema, "Kioo cha gari kina tumbo, shemeji. Dirisha lako ni bapa. Utakifungaje?"

Nikamwambia nitabomoa ukuta, niujenge upya na tumbo. Hakucheka. Mimi pia sikuwa natania.

Kimetoka kizima. Tumekibeba wawili, taratibu, kama mgonjwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumefunga polikaboneti. Skrubu kuzunguka pande zote. Imekaa.

Shemeji alionya tangu asubuhi. Plastiki hii isiguswe na thina, ile ya kuyeyushia rangi. Maji na sabuni tu. Nikamwelewa vizuri sana. Anataka aimalizie yeye, kioo kiwe cha kuku.

Alipokwenda kula nikabandua nailoni iliyoifunika plastiki. Vidole vyangu vikaacha alama kila mahali. Nikachukua thina. Gereji tunaosha kila kitu kwa thina. Spana, brashi, mikono yetu wenyewe.

Ikaanza kuwa nyeupe. Nikaongeza thina. Ikawa maziwa.

Bosi akaingia garini, akashika usukani, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Bora angenitukana. Akasema mwanga anauona. Barabara ndiyo haioni.

Ijumaa, 8 Agosti
Kioo kimerudi kwenye gari. Tumekibeba mimi na shemeji. Nilikishikilia ukingoni mpaka bosi aliponiambia niachie, gundi imeshashika.

Plastiki, bosi kasema niiondoe machoni pake. Nimeibeba kichwani mpaka nyumbani. Watu wakaniuliza kama naogopa mvua.

Jumamosi, 9 Agosti
Shemeji kaja bila kuitwa. Ana drili na skrubu. Hata salamu hakutoa. Plastiki tukaikandamiza, ikakubali kulala bapa. Tukakata ziada, tukaifunga kwenye tundu. Ukuta haukubomolewa. Gunia nimelikunja, sikulitupa.

Binti yangu kaingia, kasimama katikati ya chumba. Mwanga umefika mpaka kitandani, upande wa mama yake. Njiani watu wanapita, hakuna anayetuona.

Kasema, "Baba, kumbe ukuta huu ni wa kijani."

Mimi mwenyewe nilijua ni kijivu.

Shemeji akakaa ukingoni mwa kitanda, kwenye ule mwanga. Akakaa sana. Alipoinuka akasema dada angefurahi. Mlangoni akageuka.

"Usiiguse, shemeji. Nakuomba."

Nikamwambia niguse ya nini.

Jumapili, 10 Agosti
Bosi kashindwa. Kasema ni uzito wa kioo. Hakunitaja. Nimeshukuru.

Kutwa nimelala upande wa marehemu, natazama dirisha. Zuri. Angelipenda.

Ila lina ukungu. Nimelitazama vizuri, huo ni uchafu tu. Alhamisi nilikatishwa njiani, sikusugua vya kutosha. Nilirudi na nusu chupa ya thina. Shemeji ana wivu, alikuwa hivyo tangu siku ya posa.

Kesho asubuhi, kabla sijaenda kazini.