Breka Niliyoifunga kwa Kanga

Jumatatu, 3 Novemba

Umeme umekata tena! Jiko, sufuria la umeme la wali, friza, birika. Vitu vinne tu, na kale kaswichi ka mlangoni kakajiangusha, tap! Murshid, mkwe wangu, anakaita breka. Anazinunua hapa Guangzhou, Uchina, anazipeleka Kariakoo kwa makontena. Mwanamume anauza breka Dar nzima, kwake giza! Hasna binti yangu anamtetea. Mapenzi hayo.

Careen wa mlango wa pili kachungulia. Mkenya, anawapikia wanafunzi chapati. Eti, "Shosho, stima imepotea tena?" Shosho ndiyo bibi kwao. Meno yote nje. Yake inawaka, bila shaka.

Ijumaa nikaha ya Ahmada, kijana wa Unguja mwenye ofisi jengo la Tianxiu, mtaa wa mbali. Pilau napika mimi. Hasna kanionya: ikiharibika, mapishi ya shughuli zote za hapa yatahamia kwa Careen. Pilau la nikaha lipikwe na mtu wa chapati! Heri nirudi Tandika.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempelekea fundi wa jengo maandazi ya iliki. Na breka kubwa, nimeichomoa kwenye sampuli za Murshid. Nikamwashiria: toa ile, weka hii. Kala maandazi yote, ndipo akasema bu xing. Haiwezekani. Bu xing na makombo midomoni!

Jioni Murshid kanikalisha kitako kama mtoto wa chuo. Eti umeme huja mkali mno, transfoma ya nyuma ya jengo inaupunguza makali, unaingia ubao mkuu kule chini, kisha kila nyumba inagawiwa kwa waya wake na breka yake. Na breka hailindi sufuria zangu, inalinda waya uliomo ukutani. Breka kubwa, waya mwembamba: waya utaungua, breka inatazama tu.

Nikamwambia nimeelewa, mwanangu. Na kweli nimeelewa. Tatizo ni kale kaswichi kuanguka.

Ijumaa, 7 Novemba

Hasna na mumewe wametoka mapema, wana kontena la kupakia bandarini Huangpu. Vizuri. Nimechana kanga kuukuu, nimeifunga breka ikae juu. Anguka sasa!

Nikachomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja. Vitunguu vikaanza kuwa vyekundu, nyama ikachangamka, nikatia mchele. Mara harufu. Si ya kitunguu! Plagi inayeyuka kama mshumaa, moshi unapanda ukutani. Nilipiga ukelele nadhani Ahmada kausikia hukohuko Tianxiu.

Tap! Giza. Swichi bado iko juu, imefungwa vizuri na kanga, lakini umeme umekata. Moshi ukapungua, ukaisha. Nikakaa sakafuni. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, mpaka ulimi ukakauka.

Careen kaja mbio. Hakucheka. Kachomoa plagi zote, kanitazama mikono kama imeungua, kisha kabeba sufuria la pilau kwenda nalo kwake bila hata kuniuliza. Limeivia jikoni kwake. Wageni wa Ahmada wamekomba sinia. Hakuna aliyejua kitu!

Jumamosi, 8 Novemba

Ukuta uko salama, fundi kabadilisha soketi. Murshid anasema breka ya maana hukata kwa ndani hata ukiifunga nje, maana walioiunda walijua watu kama mimi wapo. Nikamjibu watu kama mimi ndio waliomzaa mkewe. Hasna kalia, kacheka, kanikumbatia. Shughuli bado zangu! Moyo mwepesi kama pamba.

Nimempelekea Careen sinia la pilau. Msichana ana moyo, nakiri. Wakati anakula nikatazama ukuta wake. Soketi pale karibu na mlango, haina kazi. Si Murshid mwenyewe alisema kila nyumba ina waya wake? Basi wa Careen una nafasi!

Nimeshanunua ekstensheni ndefu. Itatoka kwenye soketi ile ya Careen, ipite chini ya zulia la koridoni mpaka kwenye friza langu. Na breka yake ikileta jeuri, kanga huuzwa doti. Kipande cha pili ninacho.