Ayeeyo Asiimbe Kwanza

Jumatatu, 13 Oktoba

Bismillahi. Naanza shajara mpya, safari hii kama mwongozaji wa filamu. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Adeer Guleid, kaka wa marehemu baba, akikuta daftari la mtu lazima alifungue, na Kiswahili chake kinaishia sokoni.

Wazo nimelipata! Filamu fupi ya Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, akiimba nyimbo za kina mama za kupakia ngamia siku ya kuhama. Mikeka, miti ya nyumba, vyungu, na kila fundo na wimbo wake. Hapa Garissa siku hizi watu wanahama kwa lori. Nimeuliza mtaa mzima, hakuna mwingine anayezijua. Ayeeyo kakubali papo hapo. Kasema tuanze leo leo, kifua kinambana na ya kesho anayajua Mungu. Nikacheka. Ayeeyo huyu atatuzika sote!

Kilichobaki ni mfadhili tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mfadhili yupo! Mfuko mmoja wa Nairobi unasaidia filamu fupi. Nimesoma masharti yote. Moja linasema hawafadhili filamu iliyokwisha kuanza kupigwa.

Nikatoka chumbani mbio. Dada yangu Idman alikuwa mkekani na simu imeelekezwa, Ayeeyo keshasafisha koo. Nikaipokonya ile simu. Idman akaniuliza kama akili zangu zimo. Nikamweleza taratibu kwamba sanaa ina utaratibu wake. Akasema ngojangoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Ayeeyo akauliza, kwani wimbo ukiimbwa unakwisha? Nikamwambia kwa hawa watu wa Nairobi, ndiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mfuko unataka na mchango wa jamii. Baada ya swala nikawakamata wazee wa ukoo nje ya msikiti. Nikahutubu juu ya urithi, utamaduni, watoto wetu wanaopotea. Mzee mmoja akauliza kama nimepata kazi. Adeer Guleid akasimama, akasema jambo la mama yake haliombewi kwa watu, atalibeba mwenyewe.

Machozi yalinilenga. Jioni kaleta mchango wake. Ngamia! Dume la mizigo, limehasiwa, limezeeka, maziwa halina, na shingoni lina chapa ya ukoo.

Jumatano, 22 Oktoba

Siku ya soko la mifugo. Nikamkokota yule ngamia mpaka kwa Ogle, dalali, nimuuze nipate fedha za mchango. Ogle akaitazama chapa, akanitazama mimi. Akasema ngamia wa zawadi wa ukoo haguswi na mnunuzi mpaka aliyemtoa asimame hapo, aseme ameridhia. Nikampigia Adeer. Adeer akauliza kwa upole, filamu ya kupakia ngamia inapigwaje bila ngamia?

Kumbe alinipa mwigizaji.

Nimerudi naye kwa miguu, jua la utosi. Amekula ua wote wa matawi wa jirani yetu Deka, na Deka amenitukana hadi magharibi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Warfa kaja. Huyu Warfa hupiga video za harusi na anajiona. Kasikia habari zangu, kaja na kamera yake kubwa, kasema atampiga Ayeeyo bure, mimi niongoze. Bure! Nani anatoa kitu bure Garissa hii? Anataka jina lake litangulie langu. Nikamwambia ombi langu nimeshalituma, liko mezani Nairobi, hatupigi mpaka wajibu. Mlangoni akaninong'oneza kwamba Ayeeyo haonekani vizuri. Hila tu.

Jumapili, 26 Oktoba

Ayeeyo kaamka, kaagiza mikeka na miti yake ya zamani itolewe uani. Akamketisha ngamia kwa neno moja, wakati mimi wiki nzima hunitemea mate. Akaanza kufunga. Na kuimba.

Sijui niandikeje. Sauti ilikuwa ya msichana. Kila fundo alilibembeleza, na yule mnyama akatulia, macho kayafumba nusu. Idman alilia. Deka alikuja kudai ua wake, akakaa chini, akalia naye. Idman akainua simu. Nikasimama mbele yake, mikono nimepanua kama golikipa. Deka naye akatoa yake, nikaruka upande wa pili. Nililinda filamu yangu mpaka fundo la mwisho, wallahi.

Kisha Ayeeyo akakohoa sana, akakaa. Akaniuliza kama nimeipata. Nikamwambia siku nyingine, tukiwa na taa nzuri. Akasema haya, mwanangu. Moyo uliniuma pale, nikadhani ni njaa.

Jumatano, 29 Oktoba

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ayeeyo ametutoka alfajiri.

Tumemzika kabla ya adhuhuri. Adeer Guleid analia kama mtoto, na mimi sijui mikono niiweke wapi. Nimejaribu kuukumbuka wimbo wa fundo la kwanza. Nina maneno mawili tu, na sina hakika na la pili. Ayeeyo, nisamehe.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimepiga simu Nairobi kuwaarifu. Mama mmoja mpole akanipa pole. Akasema walau zile picha za majaribio ninazo, zile hazivunji sharti, kila mtu hupiga. Nikakata simu. Nimekaa uani na ngamia mpaka Idman akaja kunitafuta.

Jumapili, 2 Novemba

Subhanallah! Katika waliokuja kutupa pole yumo Rukiyo, mdogo wake Ayeeyo, katoka Bute, mbali huko kaskazini. Sikuwahi kufikiria Bute! Nyimbo zote anazijua, mama yao aliwafundisha pamoja. Mzee sana, anashikwa mkono kwenda msalani. Kamwona ngamia, kaiona mikeka, kasema ataimba sasa hivi kwa ajili ya dada yake. Idman keshatoa simu.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii nataka Nairobi wanithibitishie kwa maandishi kwamba picha za majaribio zinaruhusiwa. Nimeandika leo leo. Rukiyo nimemkatia tiketi ya basi la kesho, arudi Bute apumzike mpaka wajibu. Kaniomba aimbe hata fundo moja kabla ya kuondoka. Nimemwambia aitunze sauti.