Uzinduzi wa Kitufe cha Kutuma Maombi

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa makamu wake, mheshimiwa anayemkaimu makamu, wakurugenzi, wakurugenzi wastaafu, wazazi, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti ni vya waheshimiwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ninayo furaha isiyo kifani kuzindua, kwa mkono wangu huu huu, tovuti ya ajira kwa waandika programu wanaoanza, iliyobuniwa katika muktadha wa mkakati jumuishi wa ekosistimu ya inovesheni, ambayo kwa miezi sita ya majaribio imepokea maombi elfu arobaini na moja, yaani asilimia mia moja na nne ya lengo, na yote, nasisitiza yote, yanashughulikiwa. (Makofi, viti vya mbele.) Masharti ni mepesi: mwombaji awe ndiyo kwanza anaanza kazi, na awe na uzoefu wa miaka mitatu. (Miguno.) Msigune. Mimi nilianza bila uzoefu wowote, na mnaniona nilivyo. (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anainamisha kichwa kushukuru.)

Naona mkono. Aa, binti wa fundi cherehani, aliyeomba mara kumi na nne, ambaye mama yake aliuza cherehani moja ili apate kompyuta. Sema mwanangu, kwa kifupi.

("Mheshimiwa, nimeangalia ukurasa wenu ulivyoandikwa kwa ndani. Kile kitufe cha Tuma hakijaunganishwa na kitu. Ukikibonyeza kinakuambia asante, basi. Maombi yetu hayajaenda popote.")

Mmeona matunda ya mradi? Wataalamu wetu walizunguka nchi tano kujifunza vitufe na hawakuling'amua hilo. Huyu kaling'amua akiwa amesimama! Mama, usilie, leo ni siku ya furaha. Natamka hapa hapa kwamba binti huyu atatuunganishia kitufe hicho, pamoja na mfumo mzima unaotakiwa kuwa nyuma yake, kwa kujitolea, miaka mitatu, ili naye apate uzoefu, kisha aombe kazi kama wenzake. (Makofi, viti vya mbele.)

(Mama, yule fundi cherehani, anajifuta machozi, anamshika bintiye mkono. "Twende zetu, mwanangu. Miaka mitatu bure?" Vijana wa nyuma wanawafuata.)

Ajira kwa vijana, hoyee! (Hoyee moja, ya dereva wake.) Kitufe kimoja, ndoto elfu! (Viti vinaburutwa.) Nawashukuru nyote mlioomba, na mwenye nakala atuletee kwa mkono, maana sisi hatuna hata moja. Asanteni sana. Mlinzi, muwahi yule binti getini, mrudishe. Mradi wote ni yeye.