Chotara Wangu wa Shaba

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza. Nafasi ya mwaka mzima maabarani ni moja, na tuko wawili: mimi na binti tunayemwita Miwani. Atakayeleta fuwele safi ya boreti ya shaba Ijumaa, nafasi ni yake. Nikishindwa, naenda kwenye duka la magodoro la shemeji. Ameshanipimia fulana ya kazi.

Nitashinda. Mapishi nayajua: chumvi ya shaba, asidi ya boriki kutoka kopo kubwa, na kemikali ya majimaji iitwayo amini, vyote ndani ya chungu cha chuma. Kaza skrubu, tia tanurini. Anazaliwa chotara wa buluu, mzazi mmoja madini, mwingine amini. Amini inanuka samaki aliyeoza. Dada, ninayekaa kwake na shemeji, kanipakulia chakula nje, mlangoni.

Jumanne, 4 Machi
Miwani anapima kila kitu mara mbili. Mimi napima kwa jicho. Asidi nimezidisha vijiko vitatu ili fuwele inenepe.

Profesa kaagiza nyuzi mia na hamsini. Vyungu vyetu vimo katika tanuri moja. Nilipobaki peke yangu nikapandisha hadi mia na themanini. Changu kitaiva mapema, chake kitaungua. Sababu ya kisayansi bado naitafuta. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Tumefungua. Cha Miwani kimejaa fuwele za buluu, nzuri hadi nikakohoa. Akashangaa, akasema safari hii moto umemkubali kuliko siku zote.

Changu: uji wa kijani.

Nikachokoa uji ule saa nzima chini ya hadubini. Ndipo nikaiona. Moja tu, angavu, haina rangi hata chembe! Miwani akaniuliza kwa upole, sasa kaka, shaba iko wapi humo? Nikamwambia imejificha ndani. Wivu huo. Fuwele nimeipa jina langu, na dada nimemtuma amwambie shemeji atafute mtu mwingine wa kumvalisha fulana. Furaha imenikosesha hamu ya kula.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine ya eksirei, inayoonyesha muundo wa fuwele, ilianza na ya Miwani. Chotara kamili, mpya kabisa, Profesa akampa mkono. Ikaja zamu yangu. Profesa akatazama skrini, kisha akacheka mpaka akashika meza.

Akasema muundo hauna kasoro, na unajulikana tangu zamani. Ni asidi ya boriki. Ile ile niliyoichota kwenye kopo. Vijiko vyangu vya ziada viliyeyuka kwenye joto, vikaganda upya chungu kilipopoa.

Nafasi kapewa Miwani. Nilijifungia chooni nikalia kidogo, sifichi. Nilipotoka Profesa akanishika bega, akasema kijana wangu, siku nyingine soma lebo kabla ya kuchota.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya kwanza dukani. Fulana inabana makwapani.

Ushauri wa Profesa nimeuzingatia. Kopo lilikuwa limebakiwa na vijiko vichache, nikaliomba liwe kumbukumbu. Leo nimekaa juu ya godoro nikasoma lebo neno kwa neno. Usafi: asilimia tisini na tisa na nusu.

Nikasoma tena. Hiyo nusu iliyobaki ni nini? Hakuna aliyewahi kuuliza! Profesa hakuuliza. Miwani na vipimo vyake vyote hakuuliza. Shemeji ananiita nikabebe godoro la mteja, nimemwambia anipe dakika moja.

Kesho yeye na dada wanashinda ugenini, na oveni ya jikoni itakuwa yangu. Jina la fuwele ninalo tayari.