Ombi kwa Mlima Uliochukua Kifo cha Baba

Majengo, Goma, Jumapili baada ya misa

Kwa Mheshimiwa Mlima Nyiragongo,
Mtunza Vitabu vya Wafu,
Hapo juu, kaskazini ya mji.

Nakala: kwa karani aliyenituma kwako, kwa mhariri wa gazeti letu, kama atapata nafasi kati ya matangazo ya simu na matangazo ya matanga.

Yahusu: cheti cha kifo cha baba yangu, Nsengimana Damascène, ambaye hadi leo hajapewa ruhusa ya kuwa marehemu.

Mheshimiwa Mlima,

Pokea salamu za jirani anayelala chini yako na kuiona taa yako nyekundu kila umeme unapokatika, maana yake kila siku. Mimi ni Nizeyimana Bienvenu, mwenye miaka hamsini na kitu, msomaji wa vitabu vingi na mwandishi wa barua nyingi zaidi. Nimekwisha kuwaandikia mawaziri, maaskofu, na wale wanaotuuzia maji yasiyofika. Hakuna aliyejibu. Kwa hiyo kuandikia jiwe si jambo geni kwangu. Tena wewe una sifa moja wasiyo nayo hao wote: ukikasirika unashuka mwenyewe, hutumi naibu.

Sikukutafuta kwa hiari yangu. Nimetumwa. Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya etasivili, pale wanapoandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa, kuomba nakala ya cheti cha kifo cha baba. Karani, Papa Élisée, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakufungua hata droo.

"Papa Bienvenu," akaniambia, "vitabu vya ile miaka yote vilikwendaka na mulima. Uende uulize mulima."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikunja barua yangu ya maombi, akanirudishia, akaita mwingine.

Jambo lenyewe ni hili, nalo si la mzaha. Mama yangu, Uwingabire Athanasie, amekuwa mjane tangu mwaka wa tisini na nane. Sasa ana miaka sabini na anataka kuolewa. Mchumba ni Muzee Grégoire, Munande wa Butembo, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kule Katindo, mjane kama yeye, mwenye meno yake yote. Padri anasema hawezi kuwabariki kabla hawajapita ofisini. Walipokwenda ofisini, Papa Élisée akamwuliza mama hali yake, na mama, ambaye hajui kudanganya serikali, akajibu kwamba ni mjane. "Mujane kwa karatasi gani?" Hapo ndipo arusi ilipokufa, na yenyewe bila cheti.

Mama ni mtu wa utaratibu. Ametangaza kwamba maadamu serikali inasema ana bwana, basi ana bwana, na mwanaume mwingine hatakanyaga kiwanja chake. Kila jioni Muzee Grégoire anakuja kutoka kazini, anakaa nje kwenye kigoda, na mama anampitishia kikombe cha chai juu ya ukuta. Ukuta huo, Mheshimiwa, umejengwa kwa mawe yako. Umewatenganisha mara mbili.

Baada ya maelezo hayo naomba kuyaweka malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Ulichukua bila kuandikisha. Mwaka wa elfu mbili na mbili ulishuka na moto wako, ukapita katikati ya mji kama mwenye nyumba, ukaila ofisi pamoja na vitabu vyake, ukaenda kuoga ziwani. Hukuacha hata karatasi yenye sahihi. Mwizi wa kuku wa mtaa wa Murara angeacha manyoya.

2. Umemfufua baba yangu bila kutushauri. Mimi nilishika miguu yake alipokufa kwa malaria. Tulikaa matanga, tukala maharage ya matanga, tukamzika, na katika muda wote huo marehemu hakutoa pingamizi. Lakini Papa Élisée amenifafanulia kwa upole kwamba kifo kisicho kitabuni hakijatokea. Baba yuko hai hadi itakapoonekana vinginevyo. Na kwa kuwa yuko hai, njia fupi ni aje mwenyewe kutia sahihi kwamba anamwachia mama. Niliuliza atapitia barabara gani. Karani akasema hilo ni jambo la familia.

3. Njia ndefu ni mashahidi wawili waliomwona akifa, wasio mke wala mtoto wake. Ninao. Mmoja alikuwa mjomba wangu, mwingine muuguzi wa zahanati. Wote wawili walikufa mwaka uliofuata, na wote wawili waliandikwa katika vitabu ulivyomeza. Kwa hiyo ofisi inawahesabu kuwa hai, na inashangaa kwa nini hawataki kuja kunisaidia. Papa Élisée aliniuliza kama tuligombana.

4. Sasa tazama mbali zaidi, Mheshimiwa, wewe uliye juu. Kama baba hajakufa, basi hajakufa yeyote aliyekufa Goma kabla ya moto wako. Bibi yangu ana miaka mia moja na ishirini na saba. Wataalamu waje kutoka ng'ambo kuchunguza maharage yetu. Makaburi yote ya zamani ni mitaa isiyo na chefu wa kuiongoza wala choo, na hao wakaazi wana haki ya kupiga kura. Nami naogopa siku wanasiasa watakapogundua jambo hilo, maana hawa ndio wapiga kura waliowaota miaka yote: hawaombi fulana, hawaombi bia, hawaulizi barabara iko wapi, na hawatasema kitu kura ikiibwa.

5. Umemchafulia mama jina. Mama Emerance, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ana macho yanayopita ukuta. Jumapili iliyopita alisimama mlangoni pa kanisa akauliza kwa sauti ya kuimba: "Athanasie, kile kikombe cha jioni kiko na sukari gani?" Mama akamjibu: "Ile yenye iliisha kwako." Walicheka wote, mama pia. Lakini alipofika nyumbani alikaa jikoni muda mrefu bila kuwasha moto. Mwanamke aliyemlilia mumewe miaka yote hii anaitwa mke anayemwibia mumewe, na mwizi wa kweli ni wewe.

6. Hili silitanii. Mvua zimeanza. Muzee Grégoire anakaa nje na mwavuli ulioinama upande mmoja, na ameanza kukohoa. Mama anakisikia kikohozi kile akiwa upande wa pili wa ukuta na hawezi hata kumfunika shuka. Akifa pale kwenye kigoda, Papa Élisée atamwandika siku hiyohiyo, kwa sababu kitabu cha sasa kipo na kalamu ina wino. Mji huu utakuwa umeweza kuandika kifo cha bwana arusi na kushindwa kuandika ndoa yake.

Kwa sababu hizo zote nakuomba, kwa heshima, urudishe kitabu cha vifo cha mwaka wa tisini na nane. Kirudishe polepole, kwa mkono, na tafadhali usikilete mwenyewe. Mara ya mwisho ulipotaka kututembelea, mwaka wa ishirini na moja, ulisimama karibu sana na choo changu. Ikiwa kitabu kimeungua, toa ushahidi kwa moshi. Mweusi, kwamba baba alikufa. Mweupe, kwamba mama yuko huru. Papa Élisée ameahidi kukaa dirishani, ila si saa ya chakula.

Ukikataa, nitajua kwamba nawe umekuwa mtumishi wa serikali, na nitakuandikia tena.

Nisalimie ndugu yako Nyamulagira, mlima wa moto mwenzako. Liambie ziwa litulie na gesi yake. Wasalimie mawingu, nyani wa msituni, na wataalamu wanaokupima joto kila siku bila kukupa dawa. Na kama baba yuko huko kwako pamoja na kitabu chake, mwambie hatukumsahau. Tunamhitaji tu awe amekufa rasmi.

Ni mimi, jirani yako wa chini, asiye na mahali pengine pa kuhamia,

Nizeyimana Bienvenu

T.B. Mheshimiwa, nimeifungua tena bahasha siku ya Jumanne. Kabla ya kuituma nilimsomea mama barua hii yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja: "Na kitabu cha ndoa kilikuwaka ofisi gani?" Nikasema ileile. Akajifunga kitenge chake kizuri, akamchukua Muzee Grégoire, akaenda kumwambia Papa Élisée kwamba hajawahi kuolewa. Karani akasema, "Mama, si juzi ulisema uko mujane?" Mama akamwambia, "Lete karatasi yenye kuonyesha nilikuwaka na bwana." Karatasi haikuwepo. Muhuri ukapigwa.

Wanaoana Jumamosi ijayo. Jana mvua ilinyesha na Muzee Grégoire alikunywa chai ndani, miguu kando ya makaa. Mimi, msomaji wa vitabu vingi, nimekuwa katika umri huu mtoto wa msichana asiyewahi kuolewa.

Kwa hiyo usirudishe kitabu chochote. Kama umeshakituma, kimeze tena, hasa kile cha ndoa. Ninayemwonea huruma ni baba peke yake: wiki iliyopita alikuwa hajafa, wiki hii hajawahi kuoa. Mwambie asihuzunike. Picha yake haiondoki sebuleni, mama amekataa kabisa, na msumari wake uliokuwa umelegea, Muzee Grégoire ameupigilia upya jana usiku kwa nyundo yake ya chukudu.