Molasi ya Mama Wayua

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Mama Wayua anakuja Jumapili kunikagua, aone kama mimi Nzivo nafaa kumwoa bintiye. Wayua anasema mamake alipikia matajiri miaka ishirini, na hakuna anachokipenda kama keki ya tangawizi, ile nyeusi ya molasi, shira nzito ya miwa. Nikajisikia nikijibu kwamba naioka kila wiki. Sijawahi kuoka hata chapati ikaiva!

Jirani yangu Kalekye, anayeuza keki hapa Kariobangi, ameshauri niyeyushe sukari nguru kwa maji kidogo na ndimu. Eti molasi itanishinda. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni
Madukani hakuna molasi. Nimeipata kwa Thuo, muuza dawa za mifugo. Mtungi mzima! Akauliza nina ng'ombe wangapi. Watatu, nikasema. Akaniagiza niwanyunyizie kwenye nyasi kavu, nisizidishe, wataharisha. Nilishtuka. Nikabeba.

Alhamisi, 5 Juni
Mungu wangu! Chungu kama masizi! Kalekye alinionya mlangoni kwamba magadi ni nusu kijiko tu. Nikatia vijiko vitano, kuua uchungu. Keki ikaumuka, ikafurika, ikabonyea. Ladha: sabuni. Paka wa mlinzi alinusa, akarudi nyuma.

Ijumaa, 6 Juni
Leo nimeunguza sukari nitengeneze rangi mwenyewe. Niligeuka kidogo tu kumjibu Wayua kwenye simu. Moshi! Majirani wa ghorofa tatu wakashuka na watoto na magodoro. Mwiko umeganda wima ndani ya sufuria. Hautoki.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemtuma Wahome, fundi viatu, anunue keki ya tangawizi kwa Kalekye, aseme anajinunulia mwenyewe. Werevu huu niliuficha wapi?

Jumapili, 8 Juni
Mama Wayua alikula, akafumba macho. Akauliza nimetumia nini. Molasi, nikasema, tena nyingi. Akafumbua macho. Akasema molasi huuma ulimi, hii ni sukari nguru na ndimu. Wayua akanitazama. Nikaanza kueleza habari za ng'ombe.

Hodi! Kalekye. Amefuata bati lake la kuokea, Wahome alilichukua pamoja na keki, na amemwambia liko kwangu.



“Kijana,” Mama Wayua akaniambia, “kutojua kuoka si kosa. Umenidanganya nikiwa na kipande mdomoni.”

Nikaomba msamaha. Wayua alikuwa analia. Mama akafikiri sana, kisha akatoa hukumu: mwezi mzima nifundishwe na Kalekye, ndipo tuzungumze. Nikaapa kwamba sitadanganya tena.

Jumatatu, 9 Juni
Somo la kwanza lilikuwa saa kumi. Sikwenda. Wayua amepiga simu, akataja kwamba mamake pia hupenda biskuti za sharubati ya dhahabu, ile shira ya sukari ya manjano. Nikamwambia hizo nimezioka tangu utotoni. Sharubati yenyewe sijaipata, lakini hapa kabatini nina dawa ya kikohozi. Ni tamu, ni nzito, inang'aa kama dhahabu. Kalekye hawezi kuwaza kitu kama hiki!