Mizani Zenye Akili Kuliko Wenye Mizani

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa kutofika kwake nimejiteua kumwakilisha; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uharakishaji wa Mageuzi ya Kidijitali ya Biashara, ambayo mwenyekiti wake ni mimi; viongozi wa dini wa Kibaoni na Mlabani; wenye mashine za kukoboa mpunga; wakulima na wafugaji mliokuja kwa bodaboda kutoka Kisawasawa; mabibi na mabwana: shikamooni wakubwa, marahaba wadogo, hata ambao hamjaniamkia. (Makofi, yakiongozwa na katibu wake.)

Ndugu zangu, tangu Februari, tulipochukua mizani zenu arobaini na moja za chuma, zile za kupimia kwa mawe, ili kupisha teknolojia, kamati yangu haijalala, kwani imekaa vikao kumi na saba, semina nne na ziara moja ya mafunzo, ikilinganisha kisayansi ni kipi wafanyabiashara wanakipokea zaidi, remote desktop au embedded operating system. (Minong'ono.) Remote desktop, kwa lugha nyepesi, ni kompyuta kukaa mbali, tuseme Morogoro, nawe ukaiendesha ukiwa hapa Ifakara, ilimradi mtandao upo na umeme haujakatika. Embedded ni mfumo endeshi unaokaa ndani ya kifaa chenyewe, mizani ikajipimia bila kumtegemea mtu wa mbali.

("Basi tuletee hiyo ya pili leo!" anapaza sauti Kandida, mwenye mashine pale Mlabani. "Mpunga umejaa uani, sina cha kupimia. Wateja wangu wote wanaishia kwa madalali, wanajaziwa lumbesa, gunia limevishwa kilemba linahesabiwa moja!")

Subira, mama. Uamuzi haufanywi kwa hasira, hufanywa kwa takwimu. Utafiti wetu umebaini kuwa asilimia sitini na tatu ya biashara zimepokea remote desktop, na asilimia hamsini na nane embedded, jumla asilimia mia moja ishirini na moja, maana yake tumevuka lengo kwa asilimia ishirini na moja kabla hata hatujaanza. (Makofi ya katibu.)

("Mlihoji wangapi?" anauliza Ngusa, mkulima wa Kisawasawa.)

Watatu, Mzee Ngusa, lakini kwa kina.

("Mmoja kwa watatu ni thelathini na tatu, wawili ni sitini na sita. Hiyo sitini na tatu imetoka wapi?" Kicheko.)

Mmoja wao alisitasita. Tuendelee! Baada ya mchakato shirikishi, kamati inapendekeza rasmi embedded, yaani kifaa kinachosimama chenyewe, kisichotaka mtandao, kisichotaka umeme wa kubembeleza, kinachovumilia vumbi la pumba, na ambacho mwenye mashine na mkulima wanakisoma pamoja, wakakubaliana, wakaachana kwa amani.

("Mheshimiwa," anasema Kandida taratibu, "hiyo si ndiyo mliyonichukulia? Nimeitumia miaka kumi na tisa, haijawahi kuomba bando." Kicheko kirefu; katibu anasahau, naye anacheka.)

Hoja imepokelewa, itafanyiwa kazi. Mizani janja! Mizani janja! ("Iko wapi?") Kilombero ya kidijitali! ("Tunapimia debe!")

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa uvumilivu. Mizani mpya hazikuagizwa, kwa sababu mtu makini haagizi kabla ya kulinganisha, na kulinganisha tumemaliza leo, ingawa bajeti ya kuagiza nayo imemalizika kwenye kulinganisha. Shukrani za pekee zimwendee mfadhili wetu mkuu, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyezibeba zile zenu za zamani zote kwa lori moja, akatuwezesha kupata turubai hili, vipaza sauti, posho za vikao na hizi soda mikononi mwenu. Mama Kandida, hongera sana: yako ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, imetoa kreti tisa za soda peke yake. Mwongezeeni moja, ya baridi.